Kuchapa mguu miji ya ngome Japani: soba ililetwa na mabwana, au tunapigwa hadithi?

#1 MguuMosi

Wakuu, habari za humu. Likizo ya mwakani nimeamua kuimalizia Japani, na Tokyo siitaki. Nataka miji ya ngome, ile iliyopangwa mwishoni mwa miaka ya 1500 na mwanzoni mwa 1600: ngome ya bwana katikati, samurai wake wakiizunguka, wafanyabiashara na mafundi nje yao, mahekalu pembezoni. Kati ya mji na mji nitapanda treni. Nikishashuka stesheni ni miguu na njaa tu.

Ratiba ya awali: Inuyama, Matsumoto, Takayama, Kanazawa, Hikone, Himeji, Matsue, mwisho Hagi. Mwenye uzoefu anirekebishe.

Kilichonifanya nifungue uzi lakini ni chakula. Naweka dai mezani: vyakula vya miji hii vilisafiri na watawala. Chini ya shogun, mtawala mkuu wa kijeshi, daimyo (yaani bwana wa mkoa) alikuwa akipewa uhamisho, anafungasha familia, samurai, mafundi na wapishi, anakwenda kuanza upya mkoa mwingine. Sasa tazameni. Matsudaira Naomasa alikuwa bwana wa Matsumoto, mwaka 1638 akahamishiwa Matsue, upande wa pili wa nchi. Leo Matsumoto inasifika kwa soba, Matsue nayo inasifika kwa soba. Ukoo wa Sengoku ulitolewa Ueda, mkoa uleule wa Matsumoto, ukapelekwa Izushi mwaka 1706, na Izushi leo watu wanakwenda kwa ajili ya soba. Hoshina Masayuki alilelewa Takato, mkoa huohuo tena, akaenda Yamagata, kisha mwaka 1643 Aizu. Huko Aizu hadi leo wanauza kitu kinachoitwa soba ya Takato!

Mara tatu zote bahati? Mimi sikubali. Karibuni.

#2 Shangazi_Pangani

Mleta mada, umeingia na majina ya mabwana kumi kabla hujatuambia hiyo soba ni nini. Wengine tumekuja kusoma tukiwa na njaa.

#3 KaraniNagoya

Salaam Shangazi. Mimi niko huku kwa masomo, nijibu hilo. Soba ni tambi nyembamba za rangi ya kijivu au kahawia, zinatokana na mbegu za mmea unaoitwa hivyohivyo soba. Si ngano wala si mchele. Mchuzi wake unaanza na supu ya mwani na katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka anakuwa wa kukwanguliwa kwa randa. Ongeza sosi ya soya na mirin, kiungo kitamu cha majimaji kinachotokana na mchele. Ukila ya baridi, unachovya tambi kwenye kikombe cha mchuzi. Ukimaliza wanakuletea maji ya moto yaliyochemshia tambi, unachanganya na mchuzi uliobaki, unakunywa. Hayo maji usiyakatae, ndiyo utamu wa mwisho.

Matsue wanafanya tofauti. Soba yao ni nyeusi zaidi kwa sababu mbegu husagwa pamoja na ganda, inakuja kwenye visahani vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mchuzi unaumimina wewe juu ya tambi. Kisahani cha kwanza kikiisha, mchuzi uliobaki unaumimina kwenye cha pili.

MguuMosi, hadithi ya Naomasa kubeba wapishi wa soba inasimuliwa Matsue kwenyewe, hujaitunga. Ila ratiba yako ni ya mtu anayekimbia. Punguza.

#4 FundiMawe

Naunga mkono kupunguza, na naongeza jambo la msingi. Umesema miji ya ngome, lakini Takayama hakuna ngome. Serikali ya shogun iliuchukua mkoa wa Hida mwaka 1692, na mwaka 1695 ngome ikabomolewa. Hagi waliibomoa wenyewe mwaka 1874. Ya Kanazawa iliungua 1881, unachoona leo ni lango la Ishikawa na majengo machache yaliyosalia, pamoja na yaliyojengwa upya.

Minara mikuu iliyobaki tangu enzi za mabwana ni 12 tu nchi nzima: Hirosaki, Matsumoto, Maruoka, Inuyama, Hikone, Himeji, Bitchu Matsuyama, Matsue, Marugame, Matsuyama, Uwajima na Kochi. Mitano kati yake ni hazina ya taifa: Himeji, Matsumoto, Inuyama, Hikone, na Matsue ambayo iliongezwa 2015. Mingine mingi unayoona kwenye picha ni zege. Wa Osaka ni wa 1931 na una lifti. Wa Nagoya uliungua kwa mabomu Mei 1945, wakajenga wa zege 1959.

Kwa hiyo amua unatembelea mnara au mji. Himeji mnara upo, wa mwaka 1609, mweupe, unauona ukitoka tu mlango wa stesheni. Lakini mji wenyewe uliteketezwa kwa mabomu 1945, barabara ya kwenda ngomeni ni pana na mpya. Hagi ni kinyume chake: mnara hakuna, mji upo wote. Wanasema mle unaweza kutembea na ramani ya enzi za Edo, yaani za utawala wa shogun aliyekaa Edo (Tokyo ya leo), na ukipita mitaa ya Horiuchi utaona kwa nini.

#5 MzeeWaNyaraka

Nirudi kwenye dai la #1, maana limeanza kupita kimyakimya. Soba iliyokatwa tambi inatajwa kwenye hati ya hekalu la Joshoji, huko Kiso, ya mwaka 1574. Waliofanya ukarabati wa hekalu walipewa soba. Mwaka 1574 Naomasa alikuwa hajazaliwa. Hakuna bwana wala uhamisho kwenye habari hiyo, ni mahekalu na mafundi seremala. Watawa walikuwa wakitembea nchi nzima miaka mingi kabla ya shogun kuanza kuwahamisha mabwana. Njia ya soba itafuteni kwenye nyayo za watawa.

#6 MguuMosi

Mzee shikamoo. Hati ya Joshoji inaonyesha soba ilikuwepo milima ya Kiso, na Kiso iko mkoa uleule wa Nagano ilipo Matsumoto. Hilo linanisaidia mimi! Bwana aliikuta Nagano, akaipeleka Matsue. Wewe umenipa chanzo, mimi nimekupa gari.

#7 MzeeWaNyaraka

Marahaba. Gari bila hati ya safari ni maneno. Nionyeshe orodha ya wapishi waliofuatana na Naomasa.

#8 MkulimaLimuru

Wadau, nyote mnazungumza habari za watu na hakuna anayezungumza udongo. Mimi ni mkulima. Nimesoma kuhusu huo mmea: unavunwa baada ya kama siku 75, unavumilia baridi, haudai mbolea wala maji ya kufurika. Mpunga unataka kinyume cha hayo yote. Matsumoto iko bondeni kwenye mwinuko wa karibu mita 600, Alps za Japani ziko mgongoni mwake. Takato milimani. Aizu milimani. Ueda milimani. Izushi na nyanda za Izumo, eneo la Matsue, nazo zina milima nyuma yake. Panapokuwa na milima na usiku wa baridi, pana soba. Hata wangewahamisha mabwana mara mia, mahali pasipoota mmea hapangekuwa na chakula.

Tena kuna kodi. Utajiri wa bwana ulipimwa kwa koku, na koku moja ni mchele wa takriban kilo 150. Ukoo wa Maeda wa Kanazawa ulihesabiwa zaidi ya koku milioni moja. Mchele huo unatoka kwa nani? Kwa mkulima. Akishatoa mchele wake anabaki na mtama, uwele na soba. Hicho ni chakula cha waliokamuliwa, baadaye ndiyo kikapewa sahani nzuri.

#9 KaraniNagoya

#8 umegusa pazuri. Matsumoto mwaka 1686 wakulima waliandamana kwa ajili ya kodi hiyohiyo ya mchele, wakiongozwa na Tada Kasuke. Yeye na wenzake waliuawa. Kuna hadithi kwamba akiwa msalabani aliukodolea macho mnara wa ngome, mnara ukainama. Na kweli mnara uliinama, ipo picha ya enzi za mfalme Meiji, baada ya shogun kuanguka, inayoonyesha.

#10 FundiMawe

Uliinama kwa sababu nguzo za mbao zilizosimama ndani ya msingi wa mawe zilioza kwa unyevu, ardhi ya pale ni tepetepe. Waliunyoosha katika ukarabati wa 1903 hadi 1913, ulioanzishwa na mwalimu mkuu wa shule, Kobayashi Unari, aliyekuwa akichangisha fedha. Na kabla yake, miaka ya 1870, mnara ulikuwa umeshauzwa kwa mnada ubomolewe, Ichikawa Ryozo akahangaika mpaka ukakombolewa. Mnara ule ulisimamishwa na raia, si na mabwana. Ukifika pale, MguuMosi, wakumbuke hao.

#11 Binti_Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie naona mmezama kwenye nguzo. Swali langu dogo: sisi tusiokula nguruwe wala kunywa pombe tunakula nini huko? Karani kataja mirin, si ni pombe ile?

#12 KaraniNagoya

Waalaykum salaam Binti. Ndiyo, mirin ina kilevi, na imo karibu kila mchuzi wa soba. Kuepuka nguruwe ni rahisi, kuepuka mirin ndiyo kazi. Wapo wanaokubali kwa kuwa imechemshwa, wapo wasiokubali, hilo ni lako na dini yako. Vinavyosaidia: samaki wa kuchoma kwa chumvi, utamkuta karibu kila mji. Wali wa onigiri, ukisoma kilichomo ndani. Viazi vitamu vya kuchoma. Matunda. Kule Hagi kuna machungwa yao ya natsumikan. Jifunze kuandika sentensi mbili za Kijapani kwenye karatasi: sili nguruwe, sinywi wala sili chenye pombe. Ionyeshe kabla hujaketi. Wenye migahawa midogo watakuambia ukweli, wakiona hawawezi wanakuinamia na kukuomba radhi.

#13 Shangazi_Pangani

Binti, tutabeba chapati zetu, tuwaachie MguuMosi na mabwana zake.

#14 KijanaWaBukavu

Ndugu zangu, mimi nilisikia njia ya miguu iliyo nzuri kuliko zote ni ile ya kutoka Magome hadi Tsumago. Mbona hamuitaji? Ni kama kilomita 8 hivi, mnapita msituni na vijijini. Si miji ya ngome hiyo?

#15 MzeeWaNyaraka

Karibu kijana. Njia ni nzuri kweli lakini Magome na Tsumago ni vituo vya njiani, si miji ya ngome. Ni viwili kati ya vituo 69 vya barabara ya Nakasendo iliyounganisha Edo na Kyoto kupitia milimani. Tofauti yake unaiona kwa miguu: kituo cha njiani ni mstari mmoja, nyumba kulia na kushoto mwa barabara, wageni wanalala, farasi wanabadilishwa. Mji wa ngome ni wa matabaka, unatoka mtaa wa mafundi unaingia wa samurai, kuta zinapanda, milango inapungua.

Lakini mleta mada aingize siku ya Nakasendo, maana mabwana walizipita barabara za namna hiyo. Tangu 1635 daimyo alilazimika kuishi Edo na kwao kwa zamu, mke na mrithi wakibaki Edo. Msafara wa Maeda ulikuwa wa watu elfu kadhaa. MguuMosi, hapo unayo hoja bora kuliko ya uhamisho, nashangaa hujaitumia: chakula kilipanda na kushuka kila mwaka na misafara.

#16 MguuMosi

Nimeipokea kwa mikono miwili, sasa ni yangu.

#17 Mwanahewa

Mimi napinga wote, kwa heshima. Tazameni vyakula vinavyouzwa kama vya asili vya miji ya ngome halafu ulizeni vina umri gani. Marugame, mji wenye kuta za mawe za kutisha chini ya mnara mdogo, chakula chake cha sifa ni paja zima la kuku lenye mfupa, limeokwa na vitunguu saumu na pilipili manga. Limeanza miaka ya 1950. Himeji wana oden, mchanganyiko wa mayai, figili na maandazi ya samaki, unaoliwa kwa soya yenye tangawizi. Watu wa kule wanaila muda mrefu lakini jina "oden ya Himeji" ni la karne hii. Tambi za ramen za Takayama ni za karne ya 20. Hirosaki wanajivunia pai za tufaha, na tufaha za aina hiyo hazikuwepo enzi za samurai.

Asili nyingi zilitengenezwa na maofisa utalii na wenye maduka. Na si vibaya, chakula ni kitamu. Ila tusiwape mabwana sifa ya wapishi wa juzi.

#18 BiKizito

#17 nakubali nusu. Hiyo ya Hirosaki ina kisa ambacho hukukimalizia. Mwaka 1868 utawala wa shogun ulianguka, mwaka 1871 mikoa ya mabwana ikafutwa, na mwaka 1876 samurai wakakatiwa mishahara yao. Fikirieni mji mzima ambao kazi yake ilikuwa kumtumikia bwana, bwana ameitwa Tokyo, ngome inauzwa mbao. Watu hao walikula nini? Hirosaki, miche ya tufaha iliingia mkoani mwaka 1875, na walioipanda na kuing'ang'ania walikuwa samurai wa zamani, Kikuchi Tatee akiwa mbele. Hagi vilevile: mwaka 1876 Obata Takamasa alihimiza kupandwa natsumikan kwenye viwanja vya samurai. Ndiyo maana ukitembea Hagi leo unaona kuta ndefu za udongo na juu yake machungwa ya njano yananing'inia. Hiyo ni bustani ya watu waliofilisika wakaamua kuishi.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu la tatu. Chakula cha mji wa ngome hakikuletwa na bwana, kilizaliwa siku alipoondoka.

#19 MkulimaLimuru

BiKizito, hoja nzuri na inauma. Ila tufaha zilikubali Hirosaki kwa sababu ya baridi, na natsumikan zilikubali Hagi kwa sababu ni pwani yenye joto kiasi. Udongo tena!

#20 BiKizito

Udongo ulikuwepo miaka yote na machungwa hayakuwepo, kaka. Aliyepanda ni mtu.

#21 Mpishi_Wa_Forodha

Naomba kuongelea nyama. Nilisoma kwamba Wajapani hawakula nyama kabisa hadi mfalme Meiji alipoila hadharani 1872. Sasa Hikone wanasema ng'ombe wa Omi (jina la kale la mkoa wao) ni urithi wa ngome yao. Inawezekanaje?

#22 MzeeWaNyaraka

"Kabisa" ndilo tatizo. Katazo la mwaka 675 la mfalme Tenmu lilitaja ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, kulungu na nguruwe pori hawakutajwa. Na kula kisirisiri kulikuwepo, kwa jina la dawa. Hikone chini ya ukoo wa Ii walikuwa wakitengeneza nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye miso, uji mzito wa soya iliyochachushwa, na kuipeleka kwa shogun kama zawadi ya kuupa mwili nguvu. Kwa hiyo Hikone MguuMosi anashinda, ile ni nyama ya bwana kweli.

#23 MguuMosi

Mmeona! Andikeni kwenye kumbukumbu za uzi. Na kuna Kochi: inasimuliwa Yamauchi Kazutoyo, bwana wa kwanza wa ngome ile, alikataza samaki mbichi akiogopa watu kuugua, wakawa wanamwunguza katsuo (samaki yuleyule wa katsuobushi) nje tu kwa moto wa majani makavu ya mpunga, ndani mbichi, ili waseme ameiva. Ndiyo katsuo no tataki ya leo.

#24 Mwanahewa

Hadithi tamu, na wavuvi nao wanadai ni chakula chao cha mashuani. Kanazawa wana jibuni, bata aliyepakwa unga akapikwa kwenye mchuzi mzito. Wapo wanaosema aliileta Okabe Jibuemon kutoka Korea wakati wa vita vya Toyotomi Hideyoshi. Wapo wanaosema ni Takayama Ukon, bwana Mkristo aliyehifadhiwa na ukoo wa Maeda, akiwa amejifunza kwa wamisionari. Hawawezi kuwa sahihi wote wawili. Kila sahani ikitafutiwa bwana, bwana atapatikana.

#25 FundiMawe

Kabla hamjamaliza vyombo, niwavute barabarani, mtu anakwenda kutembea huyu. Utaona njia zinakatika ghafla: unakwenda mbele, ukuta, kulia, hatua chache, kushoto tena. Hagi zipo, Matsumoto zipo, Kanazawa ndiyo usiseme. Maelezo ya kwenye vibao ni kwamba ni kwa vita, adui asione mbele na asikimbie na farasi.

#26 KaraniNagoya

Kanazawa nimeitembea sana, na kwa nionavyo mimi vita peke yake haitoshi. Mji uliungua vibaya 1631, mwaka uliofuata wakachimba mfereji wa Tatsumi, zaidi ya kilomita 10, kuleta maji ya mto Sai. Mitaa mingi inafuata mifereji, na mifereji inafuata mteremko wa ardhi. Pita mtaa wa Nagamachi asubuhi utasikia maji kabla hujauona ukuta.

Na mahekalu ya pembezoni wanasema ni ngao ya mji. Lakini kumbuka Kaga, mkoa wa Kanazawa, ilitawaliwa na waumini wa Ikko, madhehebu ya Kibudha, kwa karibu miaka mia, hadi 1580. Bwana aliyekuja baada yao angependa mahekalu yakusanywe mahali anapoyaona. Vita, maji, moto, kuwachunga waumini. Chagua.

#27 MzeeWaNyaraka

Na wasikudanganye na sakafu zinazolia kila mahali kwamba ni za kunasa wavamizi. Ile maarufu ya ngome ya Nijo, Kyoto, kibao cha palepale kinaeleza kwamba mlio unatokana na misumari na vibanio vya chini kusuguana mbao zinapolegea.

#28 Binti_Mkunazini

Na kula huku mnatembea? Mie nikinunua kitu barabarani nakila nikienda.

#29 KaraniNagoya

Polepole hapo. Inuyama, mtaa wa kwenda ngomeni umejaa vijiti vya dango (vidonge vya unga wa mchele), dengaku za tofu (tofu iliyopakwa miso ikachomwa), na gohei mochi, yaani wali uliopondwapondwa ukashikizwa kwenye kijiti na kuchomwa kwa miso na jozi. Lakini wenyeji wengi wananunua, wanasimama palepale mbele ya duka, wanamaliza, wanarudisha kijiti. Mitaani mapipa ya taka ni machache sana, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin Tokyo mwaka 1995. Beba mfuko wako. Na vaa soksi nzuri! Ndani ya minara unavua viatu, unavibeba mkononi, na ngazi ni za kupanda kwa mikono na miguu. Matsumoto ngazi moja ina mwinuko wa nyuzi 61.

#30 Mpishi_Wa_Forodha

Jambo moja zito, msilipuuze: soba inaweza kuua mwenye mzio nayo. Huko Japani soba ni miongoni mwa vyakula ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwenye pakiti. Sisi wengi hatujawahi kuila, kwa hiyo hatujui miili yetu. Onja kidogo kwanza, tena ukiwa na mtu. Na baadhi ya migahawa huchemsha udon za ngano kwenye maji yaleyale ya soba, kwa hiyo mwenye mzio asijione salama kwa kubadilisha sahani.

#31 MkulimaLimuru

Asante Mpishi, hiyo ibandikwe juu ya uzi. Na nauli je? Ile pasi ya reli ya nchi nzima bado inalipa?

#32 KaraniNagoya

Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa mtu anayetaka kukaa mji mmoja na kuukanyaga vizuri hailipi, anunue tiketi moja moja. Kati ya Matsumoto, Takayama na Kanazawa mabasi ya milimani yanafaa zaidi, treni zinazunguka mno.

#33 MguuMosi

Wakuu nimewasikia. Ratiba mpya: Inuyama, Matsumoto, Takayama, Kanazawa, Matsue, Hagi. Himeji nitashuka mchana mmoja nikaone mnara na kuendelea. Hikone inaniuma kuiacha kwa ile nyama, labda nikate Takayama. Nakamachi ya Matsumoto siikosi, yale maghala ya kuta nyeusi na nyeupe ya enzi za samurai.

#34 FundiMawe

Maghala ya Nakamachi ni ya baada ya moto mkubwa wa 1888, mkuu. Wafanyabiashara waliounguliwa ndio waliojenga kuta nene vile. Samurai walikuwa wamekwisha.

#35 BiKizito

Usikate Takayama. Soko la asubuhi la kando ya mto Miyagawa, akina mama wanauza mboga za kachumbari walizotengeneza wenyewe. Huko hakuna bwana wala ofisi ya utalii itakayokueleza nani kaanzisha, utamuuliza aliyetia chumvi.

#36 MguuMosi

Takayama inabaki basi. Ila dai langu la soba halijavunjwa, limekwaruzwa tu. Mwanahewa na Mkulima, nielezeni Aizu. Kwa nini wauze soba na kuiita kwa jina la mji mdogo ulio mbali, kama si Hoshina aliyekuja nayo?

#37 Mwanahewa

Kwa sababu Hoshina alikuwa mwana wa shogun Hidetada, na jina lake linauza. Na zingatia hili: Takato kwenyewe jina hilo lilikuwa limepotea, wakalirudisha miaka ya karibuni kwa kuwaona watu wa Aizu wanalitumia.

#38 MzeeWaNyaraka

Hiyo inaweza kumaanisha kwamba Aizu walitunza kumbukumbu ambayo nyumbani ilisahaulika. Inatokea, waliohama hushika mila kuliko waliobaki. Msinielewe vibaya, bado nasimama na watawa.

Lakini MguuMosi, nakuachia kazi ya nyumbani kabla hujapanda ndege. Mwaka 1706 Izushi na Ueda walibadilishana mabwana. Sengoku alipokwenda Izushi, unasema alikwenda na soba. Matsudaira Tadachika aliyekuwa Izushi alikwenda Ueda. Yeye alibeba chakula gani, na kiko wapi Ueda leo?

#39 MguuMosi

Mzee, nipe hadi kesho jioni. Kuna mtu humu aliyewahi kula Ueda?

#40 Shangazi_Pangani

Nimeshika nafasi yangu hapahapa nasubiri jibu. Na Karani, hiyo karatasi ya sentensi mbili za Kijapani iweke humu tuinakili.

#41 KaraniNagoya

Shangazi, naipiga picha usiku nikitoka maabara. Kuhusu Ueda, mimi nilikula soba.